Agosti ya Miaka Shufwa: Gita, Jando na Kumbukumbu ya Ujana Kimilili

Kimilili, mji wa soko ulio chini ya Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma, una namna yake ya kuhesabu umri, na namna hiyo ni kongwe kuliko cheti cha kuzaliwa. Mwanamume wa Kibukusu, jamii mojawapo ya Waluhya, hujulikana kwa mwaka aliotahiriwa. Jando hufanyika Agosti ya miaka shufwa, na wanaotiwa jandoni kwa pamoja huingia katika rika mojawapo kati ya marika manane yanayopokezana zamu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Mzunguko mzima huchukua takriban karne moja, kisha jina hurudi kwa vitukuu. Naanza na hesabu hii kwa sababu naamini ndiyo inayoeleza jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa burudani tu, yaani nguvu ya nyimbo za gita za miaka ya 1950 na 1960 juu ya watu wa sehemu hii. Redio za Kenya huziita zilizopendwa, na zinapopigwa, mtu mzima wa Kimilili au wa Kitale hurudishwa kwenye ujana wake mahali penye jina na msimu. Maelezo ya kawaida husema santuri na redio ndizo zilizowafundisha watu kuukumbuka ujana kwa wimbo. Mimi nadai kinyume chake. Watu hawa walikuwa na mazoea ya kuuweka ujana ndani ya wimbo kabla gita halijafika, na gita lilipofika lilikuta nafasi yake imekwisha tayarishwa.

Ushahidi wa kwanza uko katika jando lenyewe. Kijana anayejiandaa kutahiriwa hushika njuga za chuma ziitwazo chinyimba, akazipiga huku akiimba na kucheza, akapita kwa jamaa mmoja baada ya mwingine kuwaalika. Akifika kwa mjomba wake, ndugu wa mama, huvishwa shingoni nyama ya ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili yake. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, akapakwa tope mwili mzima na kuwekewa majani utosini, na anaporudi nyumbani msafara humwimbia sioyaye. Wimbo huo haumwachi mtu tena. Yeye hausikii kama msikilizaji. Anatembea ndani yake, mwili ukiwa baridi kwa tope, huku ukoo wote ukimtazama kama atatikisika. Kila baada ya miaka miwili atausikia tena ukiimbwa kwa wengine, na kila atakapousikia atakuwa anaipima miaka yake mwenyewe. Hapa tayari tuna kila kitu tunachokihusisha na wimbo wa ujana: sauti moja, umri mmoja, kundi la wenzako waliokuwapo, na kurudiarudia kunakoamsha yaliyopita. Hakuna kampuni ya santuri iliyohusika.

Ushahidi wa pili ni kwamba jamii hii imezoea kukumbuka hadharani, kwa usanii wa mdomo. Mzee mwenye heshima akisha kuzikwa, Wabukusu huwa na hafla ya khuswala kumuse, ambapo msemaji maalumu husimama mbele ya waombolezaji akatembea huku na huku akisimulia historia ya watu, koo zao, safari zao na maonyo yao. Pia kuna litungu, zeze la nyuzi saba au nane lililowambwa ngozi, ambalo mpigaji wake ni mwanahistoria kwa kiasi kile kile alicho mtumbuizaji. Huwataja watu kwa majina, husifu, hukemea, hukumbusha nani alitoka wapi. Mpigaji wa litungu hupiga kwa vidole, mkono mmoja ukishika mwendo wa chini na mwingine ukipamba juu, na sauti ya binadamu ikipita katikati. Anayelifahamu litungu hashangai sana anapoliona gita.

Gita lenyewe lilipita njia nyingi kufika magharibi mwa Kenya. Vita vya pili vya dunia viliwapeleka askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles hadi Burma, na ndani ya jeshi hilo kulikuwa na kikundi cha burudani ambamo Fundi Konde, kijana wa pwani, alipiga muziki wake. Waliorudi walikuwa wamesikia na kushika ala ambazo vijiji vyao havikuwa navyo. Reli nayo ilikuwa imekwisha kupita Bungoma kuelekea Uganda, na tawi la Kitale lilifunguliwa mwaka 1926, hivyo bidhaa na watu vilisafiri pamoja. Lakini njia muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa mashamba ya Trans Nzoia, upande wa Kitale. Walowezi walihitaji vibarua, na sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kuishi na kulima kipande chake. Wabukusu kutoka Kimilili walikwenda huko kwa wingi, wakakaa kambi moja na watu wa makabila mengine ambao hawakuelewana kwa lugha za nyumbani. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Kijana aliyepokea mshahara mdogo wa shamba aliweza, kwa subira, kununua gita katika duka la Kitale, akaimba nalo kwa lugha ambayo kambi nzima iliisikia.

Wakati huo huo upepo mwingine ulikuwa unavuma kutoka Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, alimkuta mpiga gita Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, akamrekodi akipiga wimbo wa Masanga. Ulikuwa upigaji wa kidole gumba na cha shahada ambao ulifanya gita moja lisikike kama mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Peter Colmore, mfanyabiashara wa muziki wa Nairobi, aliwaleta Kenya Mwenda na Edward Masengo, na sauti zao zikatumika kutangaza Aspro na Coca-Cola. Vijana wa magharibi waliusikiliza ufundi huo kwa makini, kisha wakaufanyia jambo la kwao. George Mukabi wa Kisa, upande wa Kakamega, ndiye jina linalosimama mbele ya wote. Mtindo wake, omutibo, uliweka kidole gumba kazini kwenye nyuzi nene kwa mwendo usiokatika, huku mwenzake akikwaruza mistari ya chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Anayeyajua mapigo ya ngoma za Waluhya huyasikia katika gumba hilo. Mukabi alifariki mwaka 1963, mwaka wa uhuru, lakini wimbo wake Sengula Nakupenda ulikuwa umekwisha kuenea mbali kuliko miguu yake ilivyofika.

Katika miaka ile ile Wamarekani walikuwa wakibishana kuhusu jambo linalofanana na hili, la wimbo wa kienyeji kukutana na ala mpya. Mwaka 1965 Bob Dylan alipanda jukwaani katika tamasha la Newport akiwa na gita la umeme, na wapenzi wa nyimbo za kienyeji wakagawanyika: wengine waliona muziki wa wananchi umesalitiwa, wengine wakaona umepata pumzi mpya. Huku kwetu mpito huo haukuleta ugomvi wa namna hiyo. Kundi la Equator Sound, lililofanya kazi katika studio ya Charles Worrod jijini Nairobi, lilichukua nyimbo zenye mifupa ya kijijini likazivika gita la umeme na besi. Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka 1939 na wazazi wa Kiluhya, akawa mfalme wa twisti. Helule Helule yake ilivuka bahari, na mwaka 1968 kundi la Kiingereza la The Tremeloes likaifikisha katika nyimbo ishirini bora za Uingereza. Mwaka uliofuata Mwenda mwenyewe alipiga gita katika jukwaa la Newport. Nayataja haya kwa sababu msomaji anaweza kudhani kuwa muziki wa namna hii ulitoka ng'ambo ukaja kwetu. Njia ilikuwa na magari ya pande zote mbili. Tena kuna mfano ulio karibu zaidi na Kimilili: mwaka 1950, huko Kapkatet, Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimbia Chemirocha, kiumbe aliyetokana na santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa amekufa tangu 1933. Walimchukua mgeni wa santuri wakamwingiza katika wimbo wao wenyewe, kwa kinubi chao wenyewe. Wimbo wa kigeni unapofika mahali penye mazoea imara ya kuimba, mazoea ndiyo huamua utakuwa nini.

Redio ilizidisha haya yote. Huduma ya utangazaji kwa Waafrika ilianzishwa mwaka 1953, ikawa Shirika la Utangazaji mwaka 1961, kisha Sauti ya Kenya mwaka 1964. Redio ya betri ilikuwa mali ya wachache, kwa hiyo watu wengi walisikiliza pamoja, dukani, kwa mwalimu, kwa chifu. Jambo hili huwa linapuuzwa. Leo wimbo huingia sikioni mwa mtu mmoja kupitia simu. Wakati ule wimbo uliingia masikioni mwa vijana kumi waliosimama kwenye veranda moja, wote wa umri wa karibu, wengi wao wametahiriwa Agosti moja. Kipindi cha salamu kiliwapa nafasi ya kusikia majina ya watu wanaowajua yakisomwa hewani kabla ya santuri kuwekwa, jambo ambalo mpigaji wa litungu alikuwa akilifanya tangu zamani. Shuleni nako hali ilikuwa hiyo. Shule ya Friends Kamusinga, iliyoanzishwa karibu na Kimilili mwaka 1957, ilikusanya wavulana wa lugha mbalimbali katika mabweni, na ikaja kusifika kwa muziki na maigizo. Wavulana hao walitoka shuleni na kutawanyika hadi Mombasa na Kampala, kila mmoja akibeba nyimbo zile zile za miaka minne ile ile.

Hoja ya kwanza ya kunipinga hutoka kwa wanasaikolojia, na ni nzito. Wamethibitisha kwamba watu wazima popote duniani hukumbuka zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka kumi na thelathini, na kwamba muziki wa umri huo hukaa kuliko muziki wa umri mwingine wowote. Basi mtu atauliza, kuna haja gani ya kuzungumzia jando na litungu, wakati mzee wa Liverpool naye hutokwa na machozi kwa wimbo wa mwaka 1966? Nakubali ukweli wa utafiti huo bila kukubali kwamba unatosha. Ubongo unaeleza kwa nini umri fulani hung'ang'ania. Hauelezi kwa nini kumbukumbu hiyo ni ya kundi, yenye mipaka ya mwaka, na yenye wajibu ndani yake. Mzee wa Liverpool hukumbuka ujana wake, na wa jirani yake huenda ukawa na wimbo mwingine kabisa. Kimilili, wenzako wa rika wanakudai: mlitiwa jandoni pamoja, mtatendeana mambo fulani hadi kaburini, na wimbo uliovuma mwaka huo ni mali ya pamoja. Maumbile yametoa udongo. Chungu kimefinyangwa na desturi.

Hoja ya pili husema nyimbo hizi si za Wabukusu hata kidogo. Mukabi alikuwa wa Kisa, Kabaka alizaliwa Uganda, Mwenda alikuwa Mkongo, studio zilikuwa Nairobi, na lugha ilikuwa Kiswahili. Wapenda utamaduni wa zamani husema muziki wa kweli wa Kimilili ni litungu na ala nyingine ya jadi iitwayo siiriri, na gita ni dalili ya kupotea. Ninaelewa uchungu ulio katika kauli hiyo, maana wapigaji wa litungu wamepungua kweli, na hata ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Lakini hoja hiyo inaisahau jiografia. Kimilili haijawahi kuwa kisiwa. Iko kati ya mlima, ambako Wasabaot wanaishi, na uwanda wa Trans Nzoia. Ng'ambo ya mpaka Wagisu nao hutahiri miaka shufwa, na watu wa pande mbili wameoana kwa vizazi vingi. Watu waliozoea kuishi kwenye njia panda hawaulizi wimbo umezaliwa wapi kabla ya kuuingiza katika maisha yao. Kiswahili nacho hakikuwanyima kitu. Kiliwapa namna ya kusema mapenzi mbele ya watu bila mama mkwe kusikia maneno ya nyumbani yakitajwa, na hilo lilikuwa uhuru mkubwa kwa vijana wa wakati ule.

Tena yafaa kuzingatia siasa ya miaka hiyo. Elijah Masinde, mwana wa Kimilili, mchezaji hodari wa mpira aliyegeuka kuwa nabii, alikuwa ameanzisha Dini ya Msambwa akiwataka watu warudi kwa Mungu wa mababu na wazungu waondoke. Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, watu kumi na mmoja wakafa. Dini hiyo ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu, asiachiliwe hadi 1961. Kwa kizazi kilichotahiriwa kati ya Malakisi na uhuru, mkusanyiko wa kuimba lugha ya nyumbani kuhusu mababu ulikuwa jambo la kutiliwa shaka na serikali, na wamisionari kwa upande wao walikuwa wamekemea ngoma na pombe ya busaa kwa miaka mingi. Wimbo wa gita wa Kiswahili kuhusu msichana aliyeondoka haukumtisha chifu. Naona hapa sababu mojawapo kubwa ya kizazi kile kuhifadhi ujana wake katika nyimbo hizo: milango mingine ilikuwa imefungwa nusu.

Jambo hilo linajibu pia lawama ya tatu, kwamba kumbukumbu hizi hupaka sukari miaka michungu. Kweli, ilikuwa miaka ya kambi za vibarua, ya kufukuzwa shambani na ng'ombe kupunguzwa kwa amri ya halmashauri za walowezi. Lakini wimbo haumlazimishi msikilizaji kusifu. Sioyaye yenyewe ni wimbo wa siku ya kisu. Mtu aliyefundishwa na jando kwamba siku ya fahari na siku ya maumivu ni moja hana shida ya kusikia Sengula akakumbuka, kwa pumzi moja, uzuri wa jioni ya kambini na njaa iliyokuwapo. Ndivyo ilivyokuwa kwa waliohamia Trans Nzoia baada ya uhuru, na ndivyo ilivyo kwa vijana wa Mlima Elgon waliopitia mapigano ya kuanzia 2006 hadi operesheni ya jeshi ya 2008. Nyimbo zilizovuma miaka hiyo zitawarudia kwa namna hiyo hiyo, na haitakuwa haki kuwaambia kwamba wanajidanganya.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la wanawake. Jando la Kibukusu ni la wavulana. Mpigaji gita wa omutibo alikuwa mwanamume. Veranda ya duka jioni haikuwa mahali pa binti. Kama kalenda ya ujana iliandikwa kwa tohara na gita, nusu ya Kimilili imeachwa nje. Jibu langu ni kwamba wasichana walikuwa ndani ya mambo haya tangu mwanzo, ila historia ya santuri haiwezi kuwaonyesha. Dada ndiye aliyeimba na kucheza nyuma ya kaka mwenye chinyimba, usiku na mchana, na mwaka wa kaka kutahiriwa ulikuwa mwaka wake pia. Harusini walicheza kamabeka, ile ngoma ya mabega, kwa nyimbo zilizotungwa na wao wenyewe. Na kuna kanisa. Wakweka, yaani wa kanisa la Friends, waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka Marekani, na ibada waliyoipanda, tofauti na ukimya wa Wakweka wa Uingereza, ilijaa nyimbo. Kwa binti wa Kimilili wa miaka ya 1950, kwaya ndiyo iliyompa kundi la umri wake, safari ya kwenda kijiji cha mbali, sare, na sauti ambayo watu walinyamaza kuisikiliza. Nyimbo hizo hazikurekodiwa Nairobi wala hazikuwa na lebo ya kubandikwa kwenye santuri, kwa hiyo anayetaka kuandika historia ya ujana wa mahali hapa kwa kupekua makusanyo ya diski atawapata Mukabi na Kabaka na kuwakosa wao. Inambidi aende kwenye vikundi vya akina mama vya Jumamosi, akaulize nyimbo kwa mpangilio wa nani aliolewa kabla ya nani, na kaka wa nani alitahiriwa lini.